Mwanangu, Uliza Kwanza Elektroni Imepita Wapi

Mwanangu, grafu yako nimeiona. Umeichora vizuri. Mihimili ina vipimo, nukta zimekaa mahali pake, na mstari umeupitisha bila kuulazimisha. Lakini chini yake umeandika sentensi moja iliyonifanya nikiweke kikombe cha chai mezani. Umeandika kwamba ulipowasha sumaku, elektroni zilipungua. Hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Namba zako ni nzuri. Ila umezifanya zijibu swali ambalo hazikuulizwa.

Najua una haraka. Unataka kuipeleka karatasi hii kabla muhula haujaisha, na unaogopa mwenzako atakutangulia. Sikulaumu. Vijana wote wa kazi hii ninaowajua walikuwa hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini nipe jioni hii moja. Jambo ninalotaka kukuambia ni fupi, na ukilishika litakufaa maisha yako yote ya maabara: probu haipimi elektroni zilizopo. Inapima elektroni zilizoweza kuifikia.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana mara nyingi tunakizoea kabla hatujakijua. Probu ya Langmuir ni kipande cha waya au sahani ndogo ya chuma tunayoiingiza ndani ya plazma, yaani gesi yenye elektroni na ioni huru. Irving Langmuir alikuwa akifanya kazi katika maabara ya General Electric kule Schenectady, Marekani. Mwaka 1926, yeye na Harold Mott-Smith waliandika nadharia ya vikusanyio katika gesi yenye umeme, na mpaka leo tunaanzia hapo. Unaipa probu volti, unapima mkondo. Ukiipa volti hasi sana, elektroni zinafukuzwa na ioni chanya ndizo zinazofika. Ukipandisha polepole, elektroni zenye nguvu zaidi zinaanza kupenya. Kuna mahali ambapo elektroni na ioni zinazofika zinalingana, na mita inasoma sifuri. Ukizidi kupandisha, elektroni zinamiminika mpaka mkondo unafika kikomo chake.

Kutoka kwenye mkondo huo wa kikomo, vitabu vinakufundisha kupata msongamano wa elektroni. Zidisha, gawanya, andika jibu. Na kwa plazma tulivu isiyo na sumaku, yenye gesi kidogo, jibu ni sawa. Ukiwa na agoni, mkondo wa kikomo wa elektroni utauzidi ule wa ioni kwa takriban mara 180, kwa sababu atomu ya agoni ina uzito wa elektroni 73,000 hivi, na kilicho chepesi hukimbia. Iweke namba hiyo kichwani. Mara 180. Tutaihitaji.

Umewahi kuona mitego ya senene njia ya Masaka, msimu wa Novemba. Mabati yamesimamishwa, chini yake mapipa, juu yake taa kali zinazowaka usiku kucha. Asubuhi mtegaji anahesabu magunia yake. Magunia yale yanamwambia ni senene wangapi waliufikia mwanga wakateleza kwenye bati. Hayamwambii ni wangapi walipita nyuma ya kilima. Mtegaji mzoefu akikuta mapipa hayakujaa, hasemi papo hapo kwamba mwaka huu senene hawapo. Anauliza kwanza upepo ulivumaje, na mwezi ulikuwa mkubwa kiasi gani. Anauliza njia kabla ya kuhukumu idadi. Basi nawe mbele ya mita yako ufanye hivyo hivyo. Sumaku ni njia. Migongano ni njia. Usiihukumu idadi kabla hujaijua njia.

Utaniuliza, mzee, sisi wa Kampala yanatuhusu nini haya? Yanatuhusu kuliko unavyodhani. Plazma yenye sumaku na migongano haiko kwenye bomba la kioo peke yake. Iko juu ya vichwa vyetu kila siku. Ikweta ya ramani inapita Kayabwe, pale watu wanaposimama kupiga picha wakielekea Masaka. Ikweta ya sumaku haipiti pale. Iko kaskazini yetu, inakatiza Ethiopia, na si bure kwamba Addis Ababa ina kituo cha kupima sumaku ya dunia tangu mwaka 1958. Juu ya ikweta hiyo, kwenye kimo cha kilomita 105 hivi, mchana hupita mkondo mkubwa wa umeme angani. Sydney Chapman ndiye aliyeupa jina la elektrojeti ya ikweta mwaka 1951.

Mkondo ule unaishi kwa tofauti moja tu. Pale juu, elektroni zimefungwa na sumaku, lakini ioni zinagongana na hewa mara nyingi mno hata sumaku haiziwezi. Nitakupa namba, kwa sababu napenda uzihisi. Uga wa sumaku pale ni kama mikrotesla 31. Elektroni yenye joto la kelvini 300 huzunguka mstari wa sumaku kwa duara lenye nusukipenyo cha sentimita moja hadi mbili. Inazunguka karibu mara 870,000 kwa sekunde. Migongano yake na hewa ni makumi ya maelfu kwa sekunde. Kwa hiyo inazunguka kama mara 30 kabla ya kugongana mara moja. Ioni, kwa upande wake, inagongana mara nyingi kabla haijamaliza hata mzunguko mmoja. Mmoja anaongozwa na sumaku, mwingine anasukumwa na upepo. Wakitengana, umeme unapita.

Shuka sasa mpaka chini ya kilomita 75 hivi. Hewa ni nzito zaidi, na hata elektroni inagongana kabla haijazunguka. Sumaku imeshindwa. Panda mpaka kilomita 460, hewa karibu haipo, na elektroni inaweza kusafiri kilomita nyingi bila kugonga chembe ya hewa. Anga lile lile juu ya nchi moja, na probu moja ingesoma hadithi tatu tofauti.

Watu wa ukanda huu wako karibu na kazi hii tangu zamani. Mwaka 1964, Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha roketi ndogo za Nike-Apache kutoka jukwaa la Santa Rita, baharini upande wa Malindi. Tarehe 26 Aprili 1967, jukwaa jirani la San Marco likarusha setilaiti ya San Marco 2, iliyokwenda kuchunguza hewa nyembamba ya juu na elektroni za ionosfia, lile tabaka la juu la hewa lenye umeme. Ng'ambo ya bahari yetu, kule Thumba kusini mwa India, karibu kabisa na ikweta ya sumaku, roketi ya kwanza ilipaa tarehe 21 Novemba 1963, na katika miaka iliyofuata roketi za pale zikabeba probu za Langmuir kupita ndani ya elektrojeti yenyewe.

Na sisi? Vipokezi vya GPS vya Mbarara na vya Makerere vimewasaidia watafiti wetu kuona jinsi ionosfia inavyochafuka baada ya jua kuzama na kuyumbisha mawimbi ya setilaiti. Lakini GPS inakupa jumla ya elektroni za njia nzima, kutoka setilaiti mpaka paa la jengo. Ukitaka kujua kilichopo mahali pamoja, njia ya moja kwa moja ni kupeleka probu mahali hapo. Setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliruka tarehe 7 Novemba 2022 na kuachiwa angani tarehe 2 Desemba kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke waliijenga wakiwa Kyushu Institute of Technology, Japani. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ardhi yetu, lakini njia yake yote ilikuwa ndani ya plazma. Natamani siku moja Waganda tupeleke probu yetu. Ndiyo maana nahangaika na sentensi moja chini ya grafu.

Sasa nikusimulie yangu, kwa kuwa ni ile ile ya kwako. Nilikuwa mwanafunzi ugenini, kwenye maabara yenye bomba refu la kioo, pampu ya ombwe, na koili ya shaba iliyolizunguka bomba zima. Gesi ilikuwa agoni. Probu yangu ilikuwa waya wa tangisteni wa kipenyo cha nusu milimita, umetokeza milimita 5 kutoka kwenye kijibomba cha kauri. Bila sumaku, kila kitu kilifuata kitabu. Nilipowasha koili, mkondo wa elektroni ukashuka karibu mara kumi. Nikafurahi. Nilidhani nimegundua kwamba sumaku inafukuza plazma kutoka katikati ya bomba. Nikasimama mbele ya watu nikasema hivyo, kwa sauti ya mtu asiye na shaka.

Aliyeniuliza swali hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa maabara, mzee mwenye mikono ya grisi aliyezoea kukaa nyuma. Akauliza neno moja: na ioni? Sikuwa nimetazama ioni. Mkondo wa ioni ni mdogo, grafu yangu niliichora kwa kipimo kikubwa, na upande ule wa hasi ulionekana kama mstari uliolala juu ya sifuri. Niliporudi kuukuza, nikakuta ioni hazikupungua hata kidogo. Ziliongezeka. Plazma ilikuwa nyingi zaidi sumaku ilipowaka, kwa sababu sumaku ilizuia elektroni zisipotee kwenye kuta. Nilikuwa nimesema kinyume cha ukweli. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi mbele ya chumba kilichojaa.

Kwa nini ioni hazikudanganya? Tazama urefu. Uga wangu ulikuwa militesla 50. Elektroni ya elektronivolti 2 katika uga huo huzunguka kwa nusukipenyo cha karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kidogo kuliko waya wangu. Ioni ya agoni inazunguka kwa milimita kadhaa, kwa hiyo mbele ya waya mdogo vile inakwenda karibu kama hakuna sumaku. Ioni ilikuwa huru. Elektroni ilikuwa imefungwa. Nami nikamwamini aliyefungwa, nikamwacha aliye huru.

Fikiria sasa jinsi elektroni iliyofungwa inavyofika kwenye waya. Inaweza kuteleza mbele na nyuma kando ya mstari wa sumaku. Haiwezi kwenda pembeni kwa hiari yake. Kwa hiyo probu haivuti kutoka pande zote. Inavuta kutoka kwenye mrija mmoja mwembamba, ule wa mistari ya sumaku inayoigusa. Hilo peke yake linabadilisha eneo. Waya wangu una uso wa karibu milimita za mraba 8. Ukilala kukingama mistari ya sumaku, eneo linalohesabika ni kivuli chake pande mbili, yaani milimita za mraba 5. Ukiugeuza ulale sambamba na mistari, kinachobaki kuangalia mrija ni ncha yake tu, karibu milimita ya mraba 0.2, ukiacha upana mdogo unaoongezwa na mzunguko wa elektroni. Waya ule ule, plazma ile ile. Umeugeuza tu. Sasa niambie, mwanangu, kwenye daftari lako umeandika probu yako ilielekea wapi? Nimetafuta sikuona.

Lakini jambo la eneo ni dogo. Kubwa ni kwamba mrija unakauka. Probu inanyonya elektroni zilizomo, na mrija unajazwa kutoka pembeni tu, kwa elektroni zinazoweza kuvuka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Na elektroni inavukaje? Kwa kugongana. Inazunguka, inateleza, halafu inagonga atomu. Baada ya pigo hilo mzunguko wake unaanza upya hatua moja pembeni, na hatua hiyo ni kama upana wa mzunguko wenyewe. Bila migongano, ingebaki kwenye mstari wake mpaka mwisho wa bomba.

Hapa ndipo akili yangu ya ujana ilipokataa. Nilijua tangu shule kwamba migongano inazuia mwendo. Gesi ikiwa nzito, elektroni inachelewa. Ni kweli, kando ya mstari. Kukatisha mstari ni kinyume chake. Kwa elektroni iliyofungwa vizuri na sumaku, kadiri migongano inavyoongezeka ndivyo inavyovuka kwa wepesi zaidi. Mgongano ule ule unaichelewesha upande mmoja na kuipa ruhusa upande mwingine.

Fuata hesabu pamoja nami, haina ugumu. Katika bomba langu, kwa shinikizo la paskali 1, elektroni ilisafiri zaidi ya sentimita 10 kati ya mgongano na mgongano. Sehemu ya mrija iliyokaushwa na waya wangu mdogo ilifika zaidi ya sentimita 30 kila upande. Fikiria hilo. Waya wa nusu milimita, na plazma inauhisi mpaka urefu wa rula nzima. Ongeza gesi mara kumi. Sasa elektroni inavuka kuingia kwenye mrija kwa wepesi wa mara kumi, kwa kila sentimita ya urefu. Lakini sehemu iliyokauka imefupika mara kumi, kwa sababu elektroni za mbali zimechelewa kando ya mstari. Mara kumi juu, mara kumi chini. Katika hesabu ya msingi kabisa, ya sahani ndogo inayotazama mstari wa sumaku ndani ya uga wenye nguvu, mambo haya mawili yanafutana. Migongano inatoweka kwenye jibu la mwisho. Mkondo unabaki kutegemea msongamano, ukubwa wa sahani, joto la elektroni, na uga wa sumaku: joto juu, uga chini.

Nilipoipata hesabu hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu. Migongano ndiyo inayolisha probu, na bado jina lake halimo kwenye jibu. Ungetazama jibu peke yake ungesema migongano haina kazi. Kumbe imefanya kazi mara mbili, ikafuta nyayo zake.

Usiichukue hesabu hiyo ukaipeleka kila mahali. Nakusihi sana. Ina masharti. Inataka sahani iwe kubwa kuliko mzunguko wa elektroni. Inataka sehemu iliyokauka iishe kabla ya kugonga ukuta; mrija ukifika mwisho wa bomba, ukuta nao unaingia kwenye mazungumzo. Na inataka elektroni zivuke kwa migongano peke yake. Plazma nyingi zina mawimbi na misukosuko inayozivusha kwa kasi zaidi. David Bohm na wenzake waliandika habari za probu katika uga wenye nguvu katika kitabu cha mwaka 1949, na suala la misukosuko halijatuacha tangu siku hizo. Hata elektrojeti ina misukosuko yake. Donald Farley na Oscar Buneman, kila mmoja kwa njia yake, waliieleza asili yake mwaka 1963.

Na probu ikitembea, hesabu inabadilika tena. Chukua sahani ya nusukipenyo cha sentimita 5 kwenye kilomita 105. Ikisimama tuli, ingekausha mrija wa karibu mita 9 kila upande. Lakini roketi haisimami. Inakwenda kilomita moja kwa sekunde hivi. Juu ya ikweta ya sumaku mistari imelala, na roketi inayopanda wima inaikatiza. Kila baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, sahani inaingia kwenye mrija mpya usiokauka. Rusha roketi hiyo hiyo kutoka Andøya, kaskazini mwa Norwei, ambako mistari imesimama karibu wima, na itapanda ndani ya mrija ule ule inaoukausha. Probu moja, kimo kimoja, mikondo miwili. Tofauti kubwa ni mwelekeo. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniletea namba ya probu bila kuniambia uga ulielekea wapi na chombo kilikwenda wapi.

Wako waliolikwepa tatizo kwa busara. Setilaiti tatu za Swarm, zilizorushwa na shirika la anga la Ulaya tarehe 22 Novemba 2013, zimebeba probu zenye vichwa vya mviringo vya kipenyo cha milimita 8. Kwenye kimo cha setilaiti hizo elektroni inazunguka kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo kichwa kile ni kidogo mbele ya mzunguko, na sumaku haisumbui sana. Kichwa kimoja kina dhahabu, kingine kina titani yenye naitrojeni. Wenye kazi yao wanajua kwamba uso wa chuma nao una neno la kusema.

Basi nisikilize, nikupe ninayoyafanya mimi kabla ya kuamini mita.

Kwanza naandika vipimo vinne vya urefu juu ya ukurasa: nusukipenyo cha probu, nusukipenyo cha mzunguko wa elektroni, umbali kati ya mgongano na mgongano, na urefu wa Debye, ambao ndio umbali plazma inaotumia kuficha chaji. Kwenye elektrojeti urefu huo wa Debye ni kama milimita 4. Ukivipanga vyote vinne kwa ukubwa, vyenyewe vitakuambia nadharia ipi inakufaa. Ni kazi ya dakika chache. Ningeifanya siku ile, nisingesimama mbele ya watu.

Pili, nasoma ioni kabla ya elektroni. Naikuza grafu upande wa hasi mpaka ioni zionekane. Kisha nagawanya kikomo cha elektroni kwa kikomo cha ioni. Kumbuka ile mara 180. Ukipata karibu na hapo, endelea. Ukipata 10 au 15, elektroni zako zimezuiwa njiani. Usizipe kazi ya kuhesabu msongamano. Ziachie ioni.

Tatu, joto la elektroni nalitafuta karibu na pale mita inaposoma sifuri, baada ya kuondoa mkondo wa ioni. Pale elektroni zinazochukuliwa ni chache, mrija haujakauka, na mteremko bado ni mwaminifu. Ukipanda juu zaidi, kwenye goti la grafu, utakuta limeviringika. Usilazimishe kona mahali ambapo hakuna kona.

Nne, naisafisha probu. Naipa volti chanya mpaka elektroni ziipige na ncha ianze kung'aa, nyekundu kwanza, kisha njano. Uchafu unaungua. Halafu napima nikipandisha volti, na napima tena nikishusha. Mistari miwili isipolaliana, bado sijapima plazma. Nimepima uchafu.

Tano, nabadilisha jambo moja na kusubiri. Nageuza probu, nasubiri. Naongeza gesi kidogo, nasubiri. Koili ikipata moto, nasubiri ipoe. Kusubiri huku ndiko vijana mnakokuona kupoteza muda. Mwanangu, huko ndiko kazi iliko. Plazma haitakuambia njia yake kwa swali moja. Itakuambia ukiuliza swali lile lile kutoka pembe kadhaa na kuona majibu yanatofautiana wapi.

Grafu yako usiitupe. Imebeba habari nzuri kuliko ile uliyoiandika. Ikuze upande wa ioni. Nadhani utakuta sumaku imekuongezea plazma, kama ilivyoniongezea mimi. Ukiandika upya, weka mikondo yote miwili, wa ioni na wa elektroni, kwenye ukurasa mmoja. Andika shinikizo, uga, na ukubwa wa waya. Andika probu ilielekea wapi, na ilisafishwa lini. Taja nadharia uliyoitumia na masharti yake, hata yale ambayo bomba lako halikuyatimiza. Usione haya kuyataja. Ukifanya hivyo, hata kama wewe na mimi tumekosea pamoja, kijana mwingine wa Kampala ataichukua karatasi yako, aihesabu upya, na apate jibu sahihi kutoka kwenye vipimo vyako.